Wimbo Wako Nimeuimba Makunduchi

Jang'ombe, Unguja

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Hujambo wewe, hawajambo watoto? Mguu wa mama umepungua uvimbe, au bado anajifanya mzima asipelekwe hospitali? Mie ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua, ukikasirika hunyamaza, na mie nikisikia kimya chako nitaanza kujitetea. Barua hii anakuletea mke wa jirani yetu anayesafiri kesho kuja Kigoma.

Wiki mbili zilizopita kikundi chetu cha taarabu kilialikwa harusini Makunduchi, huko kusini mwa kisiwa. Tulifika mapema, tukalishwa pilau, baada ya isha tukaanza. Wenyeji wakarimu, lakini wagumu. Nyimbo tatu nzima hakuna aliyeinuka. Bi Saada, mwimbaji wetu mkubwa, mafua yalimkaba, sauti inamtoka kama ya jogoo mchanga. Watu wakaanza kubeba viti vyao kurudi uani. Maalim Khatibu, kiongozi wetu anayepiga fidla, akatugeukia waitikiaji.

"Nani ana kitu kipya? Hizi zetu wanazijua mpaka zimewachosha."

Nikasema, "Mie ninao."

Dada, miaka minane nimesimama safu ya nyuma naitikia nyimbo za wenzangu. Nilitaka siku moja na mie nisimame mbele. Hicho ndicho kilichonipeleka, sina kingine cha kusingizia. Nikauimba wimbo wako.

Ule ule ulioutunga ukiwa edani, mumeo Mrisho ana wiki tatu tu kaburini, nami nimekuja kukaa nawe. Ulikuwa ukiuimba huku unachambua mchele. Nilipokwambia ni mzuri ukasema, "Haya ni ya humu chumbani, Tatu. Yasivuke mlango." Nikakuapia.

Nilianza polepole kama unavyoanza wewe. Maalim akasikiliza ubeti mmoja, akaninong'oneza, "Upole wote huu wa nini harusini? Tuutie mwendo." Ngoma zikaingia. Ningeweza kuacha pale pale, sikuacha. Nilipofika kwenye kiitikio, "Mrisho, chai yapoa", ukumbi mzima ukainuka. Mama mmoja akanyakua chupa ya chai mezani akaja nayo mbele anakatika, wenzake wanampigia vigelegele. Wakataka urudiwe, ukarudiwa mara nne. Wanawake wasiomjua walikuwa wakiliita jina la mumeo kwa makofi, na mie ndiye ninayewaongoza. Na nilifurahi, dada. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Tulipokuwa tunafunga vyombo Maalim akaniuliza, "Maneno ya nani haya?"

"Yangu," nikamwambia.

Kwa nini nilisema vile sijui. Au najua. Ningesema ni yako, angeuliza kama una habari.

Siku zile zote sikulala vizuri. Watu walirekodi kwa simu zao na video inazunguka, kila ninakopita naitwa Bi Chai. Ijumaa nikamfuata Maalim kwake Chukwani, nikamwambia ukweli wote. Alishika kichwa. Akasema, "Mtoto wewe, umetuchezesha msiba wa watu." Akautoa kwenye orodha.

Jumamosi tukapiga Bububu. Haukupita muda wakauomba. Maalim akasema wimbo huo haupo tena. Basi wakaanza wenyewe, bila fidla wala ngoma, makofi matupu: Mrisho, chai yapoa, Mrisho, chai yapoa. Nilisimama mbele yao mdomo nimeufumba, na wao wanaendelea.

Nisamehe, dada. Sikuombi unisamehe leo. Tangu tumzike sijakusikia ukilitaja jina lake nje ya ule wimbo, na sasa watu wanalicheza.

Mama mshikie miguu kwa niaba yangu. Watoto wabusu, na baba mdogo wa duka la dagaa mwambie vitenge vya mkewe nitamletea mwenyewe. Mama mkwe wako usimpe salamu zangu. Mrisho ni mwanawe, na akikuuliza nani aliyeutoa nje wimbo huo, usinifiche, nitaje.

Mdogo wako niliyekuvunjia ahadi,
Tatu