Sufuria ya Mama Tim

Jumatatu, 8 Septemba
Carrollton. Chai, dawa ya presha, mafaili. Mume wangu bado amelala, katoka zamu ya usiku hospitali. Keshokutwa Houston: mahakama yetu ya juu ya jimbo itasikiliza kesi mbili huko, mbele ya wanafunzi wa sheria. Ya pili ni ya mjane, Esperance Byamungu. Rafu za ghala zilimwangukia mumewe. Baraza la wananchi walioapishwa, jury, lilimpa haki, mahakama ya rufaa ikamnyang'anya. Sisi ndio ngazi ya mwisho. Nimeisoma mara mbili. Naona ana haki. Siku hizi ni nadra kuwa na uhakika hivi.

Jumatano, 10 Septemba
Houston. Joto la kukaba koo. Wakili alipomaliza alimwonyesha mjane kwa mkono. Nikatazama. Mama Furaha.

Miaka mitatu iliyopita nilishinda jikoni kwake, mjini Garland, na kina mama wa kanisa letu, siku tatu za matanga. Nilipika maharagwe, nikaosha vyombo, nikambeba kitinda mimba wake mgongoni. Hakuna aliyemwita Esperance. Mimi nilikuwa Mama Tim, si jaji. Tuliambiwa mumewe amefia kazini. Sikuuliza vipi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza!

Naye alinitambua. Aliinua mkono nusu, akaushusha.

Alhamisi, 11 Septemba
Kutoka Houston hadi nyumbani, bila redio. Hakuna karatasi inayonifunga naye. Si ndugu, wala si rafiki hasa. Lakini nimelia naye. Nikijitoa, nampokonya kura anayoihitaji. Nikikaa kimya, mimi ni mwongo aliyevaa joho. Naogopa.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya ibada Mama Wanja, mwenyekiti wa kina mama, kanivuta hadi kwenye gari lake. Kumbe Mama Furaha alimpigia simu.

"Jaji, si ukae tu kimya? Ni God amekuweka hapo juu ya huyu mama. Nani ata-complain?"

Nikamwambia siwezi kuzungumzia kesi.

"Haya. Lakini kwa matanga ulikuwa mtu wetu."

Nimemkasirikia njia nzima. Moyo wangu ulikuwa umeshasema hayo hayo kabla yake.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimemwandikia jaji mkuu. Mistari minne. Nimejitoa. Tim kapiga simu kutoka chuoni: "Mom, it's just the rules." Eti ni kanuni tu. Rahisi kwake.

Jumapili, 5 Oktoba
Kina mama hawanikumbatii tena. Mkono tu. Kiti cha kando yangu kitupu. Mama Furaha husali na Wakongo wenzake, na hata angekuwa hapa nisingeweza kumweleza. Kesi ingali mezani kwa wenzangu. Miaka kumi na tisa ya ujaji, sijawahi kulichukia joho hili. Leo nimelichukia.

Ijumaa, 16 Januari
Uamuzi umetoka. Ameshindwa. Watano kwa watatu. Nimeusoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi. Kura yangu peke yake isingetosha. Ila kwenye majadiliano mimi ni mbishi, huenda ningemgeuza mmoja. Hilo sitalijua kamwe. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye faili jingine.

Jumamosi, 24 Januari
Sufuria yangu imerudi. Mama Wanja ameiacha nje ya mlango bila kupiga hodi; nimeliona gari lake likiondoka. Ile kubwa ya matanga, niliyoisahau kwa Mama Furaha, Garland. Chini bado imeandikwa MAMA TIM kwa rangi ya kucha. Imesuguliwa hadi inang'aa. Ndani hamna kitu. Sisi haturudishi chombo kitupu, na Mama Furaha analijua hilo kuliko mimi.

Nimekaa nayo mapajani. Chai imepoa.

Kesi imekwisha. Sasa naruhusiwa kubisha mlango wake. Nimeloweka maharagwe.