Samaki wa Picha Namba 214

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kariakoo. Tarehe 5 Julai 1974, saa 4:10 asubuhi.
Jina: Euphrasia binti Theophil. Umri: miaka 27. Kabila: Mchaga. Dini: Mkristo. Kazi: karani, ofisi ya picha za samaki. Makazi: Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Juzi nilimwambia koplo aliyefika ofisini kwamba sijui chochote. Nilimdanganya. Marehemu Tarsis anazikwa kesho, na mama yake ameshaambiwa mtaani kwamba mwanawe ndiye aliyemuua mke wa mtu kwa uzembe wa kalamu. Hilo silikubali, afande. Andika kama ninavyosema, usinirembee.

Ofisi yetu iko Mchafukoge, ghorofa ya kwanza. Tunakusanya picha za samaki wote wanaoshushwa soko la Feri, ili vijiji vya ujamaa vya pwani vipelekewe picha zenye majina. Tarsis alikuwa mpiga picha. Mimi naandika kwenye kadi, chini ya kila picha, jina la kitaalamu la Kilatini, jina la Kiswahili, na kama samaki huyo analiwa au haliwi. Kwetu ni Rombo, samaki nimewajua ukubwani, tena kwa kitabu. Tuna sharti moja: samaki aliyekwisha kuchunwa na kukatwa kichwa hapewi jina. Picha yake inatiwa kwenye sanduku la wasiojulikana.

Mnamo tarehe 24 Juni, mkuu wetu, ndugu Melkiori, alitaka tumalize picha mia tatu kabla ya Saba Saba. Picha namba 214 ilikuwa ya samaki aliyechunwa, hana kichwa. Tarsis aliniambia, "Dada Euphra, huyo mtie sandukuni, hata mimi niliyempiga picha simjui." Nikamjibu, "Acha uvivu wewe. Pale Feri anayechunwa ngozi ni kikande tu." Nikaandika: Balistapus undulatus, kikande, analiwa. Sikutumia hata dakika moja. Kumbe wapo wanaomchuna na bunju, na bunju ana sumu, kila mtu wa Feri anajua. Jina la bunju la Kilatini nalijua kwa moyo, ni Arothron. Kumtambua akiwa hana ngozi ndiko kulikonishinda.

Kadi zilizokuwa tayari zilibandikwa ubaoni Feri ili watu wazizoee. Namba 214 ilikuwamo.

Mnamo tarehe 3 Julai, saa 3:20 asubuhi, Nassibu alipiga hodi. Ni mkaanga samaki wa Feri, mtu wa Lindi, tunafahamiana naye vizuri. Mkononi alishika ile kadi. Alitusalimia, akasema taratibu kabisa, "Jana nimemzika mke wangu. Alikuwa na samaki aliyechunwa, akamtilia shaka, akataka kumtupa. Akaenda ubaoni akaitazama hii, akarudi akapika. Midomo ikamfa ganzi, kisha pumzi ikakata. Naomba kujua nani kaandika hapa."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, afande. Tarsis alinitazama mara moja, akasimama, akasema, "Ni mimi."

Nassibu alichomoa kisu cha kuparia samaki kiunoni. Alimchoma Tarsis tumboni, akakitoa, akamchoma shingoni. Tarsis alishika kabati la kadi, likaanguka naye, picha zikamwagika sakafuni. Damu ilinirukia usoni, ikaniingia mdomoni. Nassibu alimkalia kifuani akaendelea kumchoma huku akilia, "Somoe! Somoe!" Ndilo jina la mkewe. Nilihesabu mpaka saba, nikafumba macho. Nilikuwa nimejificha chini ya meza, hata kelele sikupiga.

Aliposhuka ngazi na shati lake la damu, mtu mmoja mtaani akapaza sauti, "Mwizi!" Wasukuma mikokoteni walimwangusha wakampiga kwa vyuma na matofali. Nilikuwa nimesimama dirishani. Mmoja wao aliinua kichwa akaniuliza, "Dada, kawaibia nini?" Niligeuza uso. Wakamrudia. Mkono wake ulipovunjika niliusikia kutoka huko juu. Askari walifika saa 3:45, na sasa nasikia yuko hospitali, jicho moja limetoka.

Nassibu hakuiba kitu. Tarsis hakuandika kitu. Nimeoga mara sita tangu juzi na ile damu bado naionja. Nina uchungu, na aibu nayo imenijaa. Nimesomewa niliyoyasema, hakuna la kufuta. Ni maneno yangu, na mwandiko ulio kwenye kadi ni wangu.

Sahihi: Euphrasia Theophil

Maelezo ya mwandishi: Nimempa shahidi karatasi aandike upya maneno yaliyo kwenye kadi. Mwandiko unafanana. Ameomba askari anayemlinda Nassibu wodini amwambie ni nani hasa aliyeandika. Nimemjibu kwamba kwa sasa haiwezekani. Nimemruhusu kwenda nyumbani saa 5:30 asubuhi. Nafunga jalada saa 11:00 jioni, na shahidi bado amekaa kwenye benchi la hapa kituoni.
Sajini Awadhi