Pigo la Chini ya Kwapa

Dayton, Ohio
3 Aprili 2011

Mpendwa Amu Delbert,

Shikamoo. U mzima? Baridi ya Montana imeanza kuwaachia? Sisi tunasukuma siku, ila baba hali yake si nzuri. Kansa imefika kwenye ini, na daktari ameacha kututia moyo.

Hunijui ila kwa picha. Mimi ni Corinne, binti wa rafiki yako Lowell. Nilikuwa tumboni mlipoanzisha chama cha kuigiza mashujaa wa kale, mkitwangana kwa fito za henzerani katika bustani ya mji. Chama bado kipo, na wanachama wanatoka mpaka Indiana. Kila mshindi wa mashindano, kabla ya kuvikwa taji, huvua kofia ya chuma, hupiga goti katikati ya uwanja na kuuliza, "Kuna pigo nililolikana?" Watu wote hunyamaza wakingoja. Wageni huambiwa desturi hiyo ilitoka Ufaransa.

Ni uongo. Baba aliianzisha mwaka wa pili, wewe ukiwa umeshahama. Naamini alikuwa anakuuliza wewe. Nakuomba umjibu kabla hajatutoka.

Mwanao,
Corinne

Miles City, Montana
19 Aprili 2011

Kwako mwanangu Corinne,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonuna. Pole sana kwa ugonjwa wa baba yako. Tulikula chungu kimoja mimi naye.

Lakini hilo swali asiniulize mimi. Sheria tuliitunga wawili, jikoni kwa mama yake, tukila pai ya cheri: hakuna mwamuzi, aliyepigwa ndiye anayesema amepigwa, kisha huanguka kama aliyekufa. Kwenye fainali nilimpiga, akaendelea kama hakuna kitu. Akaniangusha kwa pigo lililofuata, akavikwa taji. Nilikaa benchi mpaka jioni nikingoja aje aseme neno. Alikuja, akaniletea bia! Nikajua taji limekuwa tamu kuliko rafiki.

Mpe salamu zangu.

Amu yako,
Delbert

Dayton
28 Aprili 2011

Amu Delbert,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Barua yako imeniudhi, siwezi kukuficha. Sikumsomea baba. Niliipeleka kwa mama.

Mama aliosha sahani ileile mara mbili. Kisha akasema, "Nilimshonea zulia la pili."

Unakumbuka deraya zenu za mwanzo, za kujikinga na mapigo, zilikuwa mazulia makuukuu. Mama aliogopa atabaki mjane na mimba, akashona zulia jingine ndani bila kumwambia mtu. Baba alisikia kishindo, mwili haukusikia kitu. Zulia hilo baba aliligundua siku za baridi, walipoifumua ile deraya. Hakukuandikia kwa sababu hakutaka mke wake aonekane ndiye aliyeharibu mashindano. Akabaki kuuliza uwanjani, mwaka hadi mwaka, na wewe hukuwapo.

Hajui, Amu. Mpaka leo hajui kama ulimpiga.

Mwanao,
Corinne

Miles City
6 Mei 2011

Mwanangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo, nimelia kama mtoto. Msomee haya, usiyalainishe.

Lowell, nilikupiga. Chini ya kwapa, upande wa kushoto, kwa nguvu zangu zote. Ulikufa mchana kweupe, bwana. Habari za zulia ndio kwanza nazisikia. Yameisha.

Delbert

Dayton
2 Juni 2011

Amu yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole, kwa maana msiba huu ni wako pia. Baba tulimzika juzi. Barua yako ilimkuta hai.

Nilipomaliza kusoma alitaka kushuka kitandani.

Mama akafoka, "We mzee, utavunjika!"

"Mtu akipigwa sawasawa huanguka, Joyce. Nishusheni."

Tukamshusha sakafuni. Akalala chali, akaweka mkono kwapani, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Yule ana mkono mzito," akasema. Mama alikuwa analia, anaomba radhi. Baba akamwambia, "Uliniokoa mbavu, mke wangu. Njoo hapa." Mama akajilaza kando yake, na hawakutaka niwainue mpaka chakula cha mchana.

Taji la kwanza, lile mlilolikata kwenye bati, lipo juu ya kabati la jikoni. Baba alisema mshindi ni wewe. Njoo ulichukue.

Mwanao,
Corinne