Drafti Iliyokula Pensheni ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Ofisi ya pensheni. Karani kafungua faili la marehemu baba — mrithi si mama! Ni fundi saa wa pale kona, mpinzani wake wa drafti miaka ishirini. Nikadhani faili si letu. Kanionyesha sahihi: ya baba, na kile kimkia chake. Kodi ya nyumba mama atalipa na nini? Mwenyewe nilipomwambia kaguna tu, akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 5 Machi
Kaka yangu Wakili (alisoma sheria muhula mmoja, jina likaganda) kasema tunapinga. Tukarudi. Karani kamwaga fomu mezani — kumi na nane! Mama, fundi saa, mama, fundi saa... Eti baba akifungwa drafti, anakwenda kumwandika fundi. Akilipiza, anamrudisha mama. Yaani mzee alikuwa anamweka mkewe rehani! Inahesabika fomu ya mwisho, na mechi ya mwisho kafungwa. Wiki mbili baadaye akafa. Dawa ni moja: fundi akatae kwa maandishi. Wakili hakuwa na kifungu hata kimoja.

Alhamisi, 6 Machi
Dukani kwa fundi. Kwanza kalia, maskini. Pesa hazitaki. Barua ya kukataa keshaiandika, imebaki sahihi. Ila kuna sharti.
"Baba yenu sikuwahi kumwachia mchezo. Nifungeni, nitie sahihi."
Wakili kakaa. Dakika nne, chali! Mimi sita. Nimesingizia jua machoni. Duka lenyewe halina dirisha.

Jumamosi, 8 Machi
Wakili kafungwa mara tisa. Sasa anadai ubao umepinda. Nimemweleza mama yote, leso mkononi, tayari kumfuta machozi. Kauliza tu kama fundi bado anaacha wazi kona ya kushoto.
Mama! Umejuaje?
"Unadhani nani alikuwa akimfundisha baba yako kulipiza? Mara nane nimejirudisha mwenyewe."
Nimemwomba kesho twende naye dukani.

Jumapili, 9 Machi
Naandikia hapahapa dukani. Mama kavaa miwani ya baba. Kala kete tatu kwa mpigo. Fundi kaomba maji. Wakili anataka kushangilia, nimemkanyaga mguu. Barua iko kando ya ubao, kalamu juu yake. Zamu ya fundi. Anajikuna kidevu. Anasogeza — na ile kona, jamani, iko wazi. Mama anapandisha miwani, taratibu, wala hana haraka.