Injini ya Nyuma ya Kota

Kota za Reli, Kasoka
17 Machi 2024

Mdogo wangu Coleta,

Nakusalimu wewe na wote wa uani kwako. Natumaini kifua kimekuachia, na kwamba mvua za huko Kate zimewatendea haki mwaka huu. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo sasa yamekwisha kabisa, na ndiyo sababu ya barua hii. Juzi ulinipigia simu. Niliiona ikiwaka mezani na jina lako juu yake, nikaitazama mpaka ikazimika. Ningepokea ningejuaje umesema nini? Meseji nazo unasema maandishi yake yanayashinda macho yako. Basi tuandikiane kama zamani. Kondakta wa basi la Sumbawanga amekubali kuzibeba barua zetu.

Daktari wa masikio aliniuliza kwa karatasi nilifanya kazi gani. Nikamwandikia: dereva wa treni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kitendawili anachokijua. Enzi zetu tuliziba masikio kwa pamba, na pamba hiyohiyo tuliifutia grisi mikononi.

Kuna kichwa cha treni kimoja hapa, cha kupangia mabehewa, kinachosimama nyuma ya kota zetu, karibu na dirisha langu. Hakizimwi. Kazi ikiisha kinaachwa kinanguruma mpaka kesho yake, kwa sababu betri zake ni dhaifu na kila dereva anaogopa kuwa yeye ndiye atakayekizima kisiwake tena. Mimi sikisikii. Lakini maji yanatetemeka kikombeni, kitanda kinatetemeka, na moshi naunusa kuliko zamani. Jirani yangu Jenifer, yule muuza chapati, nguo alizoanika zinarudi ndani na masizi. Mwanawe anakohoa tangu Krismasi na halali. Wiki iliyopita Jenifer alinipa karatasi: "Babu, wewe uliviendesha. Waambie." Majirani wote wamenichagua nikaonane na mhandisi wa yadi.

Unaniuliza kila mwaka nitarudi lini, na tangu mke wangu Monika afariki unaniuliza kila mwezi. Nikimaliza jambo hili nitakuja. Sina lingine la kunishika hapa.

Kaka yako,
Teodori


Kate, Nkasi
6 Aprili 2024

Shikamoo kaka,

Barua imefika, inanuka dizeli kweli, mjukuu kasema babu ametuma moshi. Sisi hatujambo. Kifua changu kinakuja na baridi na kuondoka nayo, nimekizoea.

Kaka, uliondoka hapa ukamwambia mama unakwenda msimu mmoja tu. Mama alikuwekea mbegu ya ulezi chunguni. Sikusemi, nakukumbusha tu, maana wa kukukumbusha nimebaki mimi. Katika wote aliowazaa mama tumesalia wawili. Jioni nazungumza Kifipa na mbuzi, wajukuu wananijibu kwa Kiswahili.

Sasa sikiliza. Mwaka huu nimekupigia intumba zako, matuta yako ya majani, kwenye shamba la mama. Nimekata majani mwenyewe, nikayafunika kwa udongo, matuta yamekaa mviringo kama tulivyofundishwa. Majani yanaoza humo ndani polepole. Mvua za Novemba zikianza matuta yatapasuliwa na kupandwa ulezi, na desturi unaijua: anayeyapasua ndiye mwenye shamba. Mwanangu Felisiani anataka shamba tumpe Kija, yule Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia bondeni. Ni mtu mwema, na shamba halipaswi kulala. Nimemwambia hilo lina mwenyewe, yuko njiani. Usinifanye mwongo mbele ya mwanangu.

Mdogo wako,
Coleta


Kasoka
2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa salamu na kwa matuta. Nimeyawaza kila siku tangu barua yako ifike.

Nimeonana na mhandisi. Anaitwa Hellena, ana umri wa wajukuu zetu, na alifanya jambo ambalo wakubwa wachache hunifanyia: aliniandikia kila alichosema, kwa herufi kubwa, bila kuharakisha. Alisema kichwa kipya kisicho na kelele hakitakuja mwaka huu wala mwaka ujao. Nikamwambia hatuombi kipya. Chujio la hewa la hiki limeziba, sailensa yake imetobolewa na kutu, na hakuna sababu ya kukiacha kikichoma mafuta bure mahali watu wanapolala.

Aliuliza moshi mweusi ninauelewaje. Nikamweleza tanuru za kuyeyushia chuma za kwetu, zile za udongo ndefu kuliko mtu, ambazo wazee walizitoboa chini ili zivute upepo zenyewe bila mivukuto. Babu alikuwa akisema tanuru ikitoa moshi mweusi inaomba hewa. Akacheka, akaandika, "Kumbe Wafipa mlikuwa wahandisi." Nikaandika chini yake, "Watu wanatujua kwa uchawi wa radi tu."

Tumekubaliana. Chujio litasafishwa, sailensa itabadilishwa, na kichwa kitazimwa kila kazi inapokwisha. Wiki ijayo wanaanza. Wakishaanza nafunga mizigo.

Kaka yako,
Teodori


Kate
30 Juni 2024

Shikamoo kaka,

Hatujambo, ila upepo wa mwezi huu unapita katikati ya mifupa. Uliusahau, najua.

Ng'ombe wawili wa Kija walikanyaga pembe moja ya shamba lako. Alikuja mwenyewe kuomba radhi kabla sijajua, akarudishia matuta na kujenga wigo wa miiba. Felisiani kaniambia, unaona, mama, hata wigo anao yeye.

Umeandika kurasa mbili za injini na mstari mmoja wa nyumbani. Mizigo umefunga?

Mdogo wako,
Coleta


Kasoka
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Coleta,

Nisamehe kimya hiki. U hali gani? Mimi mwili ni mzima.

Walikizima. Asubuhi yake hakikuwaka. Mabehewa ya abiria hayakupangwa, treni ikachelewa mpaka mchana, akina mama na watoto wamekaa juani juu ya mizigo yao. Nilikwenda kutazama nikiwa na fimbo yangu, na madereva walipoona nakuja mmoja akasema jambo, wakacheka wote. Nilimwomba kijana anayepima mizigo aniandikie lilikuwa nini. Hakutaka, kisha akaandika: "Mfipa kakiloga. Mwambieni alete radi ikiwashe."

Nilicheka nao. Ni utani, na utani wa kabila nimeula tangu siku ya kwanza kazini. Ila jioni kichwa kilirudishwa nyuma ya kota, na tangu siku ile hakijazimwa tena. Majirani hawanilaumu. Wananisalimu kwa mkono na kupita. Jenifer bado ananiletea chapati, lakini zamani alikuwa anakaa. Mwanawe namwona dirishani, mdomo wazi, akivuta pumzi kama anapanda mlima.

Nilikuambia nitakuja jambo likimalizika. Siwezi kuondoka nikiwa nimewaachia hili. Nivumilie.

Kaka yako,
Teodori


Kate
15 Septemba 2024

Shikamoo kaka,

Pole kwa masimango. Hao madereva waje Kate wauone huo uchawi, watakuta vikongwe wanaohangaika na magugu.

Kaka, nimeandika barua hii mara tatu. Zile mbili zilikuwa na maneno makali nikazitia motoni. Mvua hazimngoji mtu. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mtowisa, na Kija ananiuliza kwa adabu kila Jumapili tukitoka kanisani. Kama unabaki huko, sema. Nitampa shamba na sitakulaumu. Ulivyoishi ndivyo ulivyoishi. Ila usiniache nikiitazama barabara.

Mdogo wako,
Coleta


Kasoka
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nakuombea afya, na kifua chako kitulie kabla ya vumbi la kulima.

Jambo limekwisha, na limekwisha vizuri. Mhandisi Hellena hakuridhika na habari ya uchawi. Alipanda kwenye kichwa mwenyewe akakagua, akaigundua ile swichi kubwa ya betri, ile ya mpini. Injini ikizimwa mpini huo hushushwa. Siku ile haukushushwa, taa na feni zikanyonya betri mpaka asubuhi. Haikuwa hila ya mtu. Madereva hawa wamekuta injini zinanguruma na wameziacha zinanguruma, hakuna aliyewahi kuugusa. Mimi pia sikuwakumbusha. Nani humkumbusha mtu kufunga mlango ambao hajawahi kuuona umefungwa?

Sasa kinazimwa kila jioni na kinawaka kila asubuhi. Moshi wake umekuwa mwembamba, wa kijivu. Nguo za Jenifer zinakauka zikiwa nyeupe. Mtoto analala, nimemwona mchana akicheza, amefumba mdomo. Yule dereva wa utani wa radi alikuja na soda mbili, akakaa, tukanywa pamoja.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ya kwanza nilifungua macho nikadhani nimekufa. Kitanda kilikuwa kimetulia. Maji kikombeni yalikuwa kama kioo. Niliweka kiganja ukutani, sakafuni, mlangoni, hakuna kitu. Tangu Monika aondoke na masikio yamfuate, mtetemo ule ndio uliokuwa mtu wa nyumbani kwangu. Ulinijulisha kuwa kuna dunia nje. Kelele na sumu ya watu wote, na mimi nimeifanya mwenzangu bila kujua. Sitaki kirudi. Mtoto yule anapumua. Lakini siku hizi nimeacha kuupapasa ukuta, Jenifer anagonga mlango sijui, nakuta chapati kizingitini zimepoa.

Ndiyo maana naogopa, Coleta. Kama hapa penye yadi na barabara pamenyamaza hivi, huko Kate je? Nitakaa katika ua wako kama kigogo, mkicheka nitazame midomo, mkiondoka nisijue mmeondoka. Afadhali mtu awe mpweke mahali anapolipa kodi. Mpe Kija shamba. Umesema hutanilaumu.

Kaka yako,
Teodori


Kate
3 Novemba 2024

Shikamoo kaka,

Nilisema sitakulaumu ukibaki kwa ajili ya mtoto wa watu. Sikusema kwa ajili ya woga.

Chumba chako ni kile cha mama. Sakafu yake bado ya udongo, sikuruhusu waisakafie. Jumatatu nimekitoa kinu jikoni nikakichimbia nje ya ukuta, upande ule wa kitanda. Felisiani akaniuliza kama nimerukwa na akili, mashine ya kukoboa iko hapo chini na umeme upo. Nikampa pamba, nikamwambia ziba masikio, kalale kitandani kwa mjomba wako. Kalala na viatu vyake. Nikachukua mchi nikatwanga mahindi.

Alitoka mule polepole. Akaniambia, "Mama, mtetemo unakujia mgongoni. Nimejua hata ulipopumzika."

Mimi huamka mapema kuliko wote, hilo hujalisahau. Nitatwanga kila asubuhi, ujue kumekucha na nipo. Nisipotwanga, utoke uje uniangalie. Nami nahitaji wa kuniangalia, kaka. Mbuzi hawajui Kifipa.

Kija nimemwambia ukweli. Kasema atasubiri mvua ya pili, na ukija atakusaidia kupasua matuta, maana mikono yako ni ya injini.

Mdogo wako,
Coleta


Kasoka
14 Novemba 2024

Mdogo wangu Coleta,

Nakusalimu kwa mara ya mwisho kutoka hapa. Barua hii inatangulia kwa basi la leo, mimi nafuata na la Ijumaa.

Kikombe nimempa Jenifer. Aliandika kitu, akakikunja, akanitilia mfukoni, nimeambiwa nikisome nikifika. Kichwa kilikuwa kimezimwa nilipopita nyuma ya kota kukiaga. Niliweka mkono ubavuni mwake. Bado kilikuwa na joto.

Usije stendi ya Sumbawanga, utapigwa na baridi bure, na mimi nitashindwa kukuona katika watu. Gari la Kate nitalipata mwenyewe. Jumamosi kuanzia alasiri, ukiweza, twanga. Ua umebadilika, nyumba zimeongezeka, wa kumuuliza njia nitamuuliza lakini jibu sitalisikia. Nitazipapasa kuta moja moja mpaka nifike kwenye ile inayogonga.

Ukiona mzee amesimama na viganja ukutani, usiache kutwanga.

Kaka yako,
Teodori