Besi ya Zefania Niliyoiweka Uchagani

Jumamosi, Julai. Ukungu umekaa hapa Malindi yetu ya milimani tangu asubuhi, na baridi imeingia mpaka kwenye magoti. Leo tumemzika Zefania.

Naandika kwa kidole kimoja. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini katika wazee wa kijiji hiki mwenye ukurasa kwenye mtandao ni mimi peke yangu. Hilo hata wasionipenda wanalikubali.

Zefania alipuliza besi, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, mimi tarumbeta ya kwanza, katika kikundi cha usharika wetu. Tulikuwa wanane. Tukipuliza Krismasi, watu wa ng'ambo ya bonde walitoka nje kusikiliza. Sasa nimebaki mimi, na meno ya mbele sina.

Kabla wenzetu hawajaisha, alikuja mgeni wa kupita akaturekodi nyimbo zote. Nikashuka Lushoto mjini kununua cha kuziwekea. Muuzaji akanionyesha flashi za bei ndogo na zile diski zinazozunguka. Nikakataa. Nikataka SSD, diski ambayo ndani hakuna kinachozunguka, hata ikianguka haivunjiki. Mbuzi nilimuuza kwa ajili hiyo. Malindi nzima nilikuwa nayo mimi tu.

Zefania akaja na kiflashi chake amekifunga kwenye leso, anataka nimnakilie. Nikamwambia vitu vya thamani havitawanywi. Akaja tena, na tena. Mara ya tatu alicheka: "Wewe Yonathani, hata kaa la moto ukiombwa unauliza la kupikia nini." Basi nikamwahidi kwamba akitangulia yeye, nitampigia besi yake kaburini kila mtu aisikie. Akasema sawa.

Ahadi yenyewe ndiyo hiyo.

Diski nikaiviringisha kwenye nailoni, nikaiweka uchagani, juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu. Marehemu mama aliweka huko kila alichotaka kidumu, maana moshi unafukuza wadudu. Binti yangu aliniambia, baba, iwe inachomekwa kwenye kompyuta mara moja moja. Nikamjibu kitu kinachoguswaguswa ndicho kinachokufa. Miaka ikapita.

Juzi Alhamisi nikaishusha. Fundi wa kompyuta pale mjini, mama mmoja mpole, akaichomeka. Majina ya nyimbo yakatokea yote. Alipofungua, ikatoka mikwaruzo kama mahindi yanayomiminwa kwenye debe, halafu kimya.

"Babu, mara ya mwisho ilichomekwa lini?"

"Tangu nyimbo ziingie haijachomekwa. Nimeitunza."

Akanieleza polepole. Humo ndani nyimbo zinashikwa na umeme mdogo sana. Diski ikikaa miaka bila kuchomekwa, ule umeme unaweza kuvuja, na kwenye joto unavuja upesi. Akauliza nilikuwa nimeiweka wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye nakala.

Nikaichukua diski, nikairudisha kwenye nailoni yake, nikatoka.

Leo kaburini spika ilikuwa tayari, watu wamenyamaza, mchungaji ananitazama. Nikasema spika imeharibika. Jirani yetu Shabani, aliyeileta bure, alinitazama akainamisha kichwa. Ameziheshimu mvi zangu, nami nimemwaibisha mbele ya kijiji.

Wakati wa kuondoka mjane alinishika mkono.

"Shemeji, usijisumbue. Marehemu alisema utaona uchungu kuitoa. Alisema utasingizia spika."

Amekufa akijua mimi ni mchoyo. Kwamba ni mjinga pia, hakujua.

Sasa nimekaa jikoni. Mahindi ya mbegu yapo juu, mazima. Lakini si yale aliyoyaweka mama. Kila mwaka tunayashusha, tunapanda, na jirani tunampa. Kuna mwaka mvua ilininyima nikabaki bila hata gunzi moja. Nilikwenda kwa Zefania, akanipa mbegu ileile niliyompa mimi.

Hakuniuliza ya kupandia wapi.

Sijawahi kumwomba mtu radhi, na watu wanalijua. Kesho baada ya ibada nitaanza kwa Shabani. Kisha nitakwenda kwa mjane na diski mkononi, nimwambie haikuwa uchungu wa kuitoa. Besi ya mumewe haipo tena, na aliyeimaliza ni mimi.