Kuota Kabla ya Usingizi

2 Juni

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Shangazi bado anakupigia kelele kwa sababu zake mbili: masikio yako yamestaafu pamoja nawe, na yeye mwenyewe anapenda kelele. Nami ni mzima, ukiacha kichwa. Baridi ya huku haina adabu. Inaingia bila hodi.

Kiwandani wamenihamishia ukaguzi. Nakaa mbele ya meza yenye taa chini yake, vioo vinapita juu ya mwanga, natafuta viputo vya hewa. Kioo chenye kiputo nakitia alama ya chaki, kinarudi tanuruni. Mwanzoni msimamizi alinisifu kwamba nina macho ya kipanga. Wiki hii ameniita pembeni. "Dada, vioo unavyovikataa ni vizima." Nikamjibu kwamba viputo nimeviona. Akaniwekea kioo kimojawapo mkononi. "Haya, nionyeshe." Nikatazama, Baba. Hakikuwa na kitu. "Labda kiputo kimeaga kikaenda zake," akasema, na wenzangu wakacheka. Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Lipo jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Jioni nikirudi najifungia chumbani, naota mpaka usingizi unichukue. Hapo ndipo Mama huja. Anaketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya safari, hasemi neno. Ninajua tulimzika. Ninajua pia kwamba ninamwona. Asubuhi kichwa kinagonga kama nyundo, na njiani kwenda kazini najiuliza kama nimeamka au bado ninaendelea kulala.

Umewapima mashahidi maisha yako yote. Nipimie na hawa wangu.

Mwanao,
Chiriku

12 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Shangazi yako anakusalimu na kusema kwamba umekonda, ingawa sijui amekuonea wapi.

Nimeisoma barua yako kwa utaratibu uleule niliokuwa nikisomea maelezo ya shahidi kabla hajapanda kizimbani, na haya ndiyo maoni yangu. Hisi zetu ni mashahidi watano, na hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kusema uongo. Sikio langu la kushoto huniletea mlio wa kengele tangu nilipoacha mahakama, na nyumba hii haina kengele. Lakini shahidi hafukuzwi kwa uongo mmoja. Hulinganishwa na wenzake. Jicho lako lilidai kiputo. Lilipoulizwa tena likakana, na jicho la msimamizi likakana pia. Kiputo hakikuwapo. Mama yako naye umemwona tu, hukumgusa wala hukumsikia. Mweke katika fungu hilohilo, ijapokuwa naandika hivyo kwa uchungu.

Kilichonisumbua ni sentensi moja, nami nimeipigia mstari. Unasema kwamba unaota mpaka usingizi unakuchukua. Watu wote hulala kwanza, kisha wakaota. Wewe, kwa maneno yako mwenyewe, unaota kwanza ndipo unalala. Maana yake ni kwamba ukuta uliopo kati ya kuwa macho na kulala umepata ufa, na ndoto zinavujia upande usio wake. Huo ni uchovu wa akili, na tiba yake ni pumziko. Omba likizo. Jifungie chumbani, usitoke ovyo, usipokee wageni, lala mchana na usiku hadi ukuta ujijenge upya. Vioo vitakungoja.

Baba yako

25 Juni

Baba,

Shikamoo. U mzima? Na Shangazi?

Nimefanya ulivyoniagiza. Msimamizi alikubali upesi. "Nenda kapumzike, dada, kabla hujatukatalia na madirisha ya ofisi." Sitoki. Nakaa ndani, naota kutwa nzima. Mwenye nyumba alibisha hodi, sikumfungulia, kwa kuwa umesema nisipokee wageni. Nilitapika jana, na leo tena.

Mama siku hizi haji peke yake. Anakuja nawe, na wewe unazungumza. Nimekuhoji kama unavyowahoji watu: umekuja na gari gani, umemwacha nani nyumbani. Umejibu sawasawa. Nimekugusa bega, nalo lilikuwa bega. Jicho, sikio na kidole vimekubaliana, Baba. Kwa kipimo chako, ulikuwapo.

Ulikuwapo?

Mistari inapandana, sijui kwa nini. Nitaandika vizuri nikishapumzika.

Chiriku

3 Julai

Chiriku,

Kabla ya salamu: fungua dirisha. Fungua na mlango. Toa jiko nje, nawe utoke. Endelea kusoma ukiwa nje.

Jana jioni nilikuwa mezani, nikikujibu kwa kurasa nne kuhusu ushahidi wa mguso. Shangazi yako akapita amebeba jiko akielekea uani, akanipigia kelele kama kawaida yake: "Acha kuandika, kaka, utaganda. Njoo uote." Kalamu ikasimama.

Una makaa humo chumbani. Ulikuwa unaota moto. Uliniambia kwamba kuna baridi, uliniambia kwamba unajifungia, ukaniambia kwamba unaota. Mtoto mdogo angeelewa. Mimi nilikuta neno lenye maana mbili, nikachukua ile iliyoipendeza akili yangu, nikaijengea hukumu. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Hakuna hata mmoja kati ya mashahidi watano awezaye kuitambua. Kichwa kinachouma, kutapika, viputo, mama yako, hata mimi niliyekuja kwako: chanzo ni hewa hiyo. Nami nikakuagiza ujifungie nayo.

Simu yako haipatikani. Shangazi amempata msimamizi wako, naye ameahidi kwenda kuvunja mlango. Kwa kuwa sijui ni nani atakayewahi, barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri, ambalo limejaa. Nakuja na linalofuata.

Baba yako

28 Julai

Kwa Baba yangu, nyumbani,

Shikamoo. Natumaini uko mezani kwako, mzima, na Shangazi anakufokea.

Niko wodini. Wanasema msimamizi aliuvunja mlango, na kwamba nililala muda mrefu. Naandika nikiwa nimelala, nivumilie mwandiko.

Nakuandikia kwa sababu ya mtu aliye hapa. Nilipofumbua macho nilimkuta kando ya kitanda, na tangu hapo haondoki. Ana uso wako na koti lako la kahawia. Hasikii vizuri, wauguzi wanampigia kelele. Ananiita Chiriku. Amenionyesha barua inayoamuru nifungue dirisha, anasema aliikuta mlangoni kwangu, haijafunguliwa. Namwona, namsikia, nimemshika mkono. Lakini na yule wa kule chumbani nilimwona, nikamsikia, nikamshika, na koti lilikuwa hilihili.

Daktari anataka ninywe dawa. Mtu huyu ndiye anayeshika kikombe. Sinywi. Dawa ya ndotoni haiwezi kumponya aliyelala kule chumbani na mlango umefungwa. Nguvu kidogo niliyo nayo naiweka ya kuamkia.

Wewe hujawahi kunidanganya. Kama uko nyumbani, niandikie maneno mawili tu: nipo nyumbani. Hapo nitajua kwamba huyu si wewe, na kwamba ninapaswa kujitahidi zaidi kuamka.

Barua hii nimempa yeye aipeleke posta. Hana kazi nyingine.

Mwanao,
Chiriku

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliipeleka posta kwa mkono huu. Ikafika nyumbani, na Shangazi yako akanirudishia kwa basi bila kuifungua. Ningeweza kuifungua siku ileile uliponipa, lakini uliiandikia nyumba, si mimi niliyesimama mbele yako, na nilitaka jambo moja kati yetu lifuate utaratibu.

Unaniomba niandike kwamba nipo nyumbani. Sipo. Nipo katika korido ya wodi yako, nimekalia benchi, goti langu ndilo meza. Najua fika kwamba ndoto nayo ingesema hivyohivyo.

Nimetafuta ushahidi ambao ndoto haiwezi kughushi. Nikikutajia jambo unalolijua, ndoto inalijua pia, maana inakaa kichwani mwako. Nikikutajia usilolijua, huna namna ya kulihakiki ukiwa kitandani. Wauguzi wanaweza kunishuhudia, nawe utauliza ni nani atakayewashuhudia wauguzi, na swali litakuwa halali. Kipimo nilichokupa kilikuwa kibovu. Mashahidi watano wanaoishi nyumba moja na kuvuta hewa moja ni shahidi mmoja. Nimeketi kwenye kiti cha hukumu miaka mingi bila kuliona hilo.

Kwa hiyo sikuombi uamini. Nakuomba unywe. Jana daktari alinieleza, kwa sauti iliyoamsha wodi nzima, kwamba ukiendelea kukataa dawa, moyo wako hautahimili. Kama mtu huyu ni ndoto, basi umepoteza mafunda machache ya maji machungu ndotoni, na kuamka utaamka vilevile. Kama ni mimi, na hukunywa, nitakuzika.

Sina hoja nyingine.

Baba yako

10 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika salama. Yule mtu ameileta mwenyewe, akasimama nikiisoma.

Mwandiko ni wako, na hoja ni zako. Ile ya mashahidi wa nyumba moja imenichekesha. Imekaa pale pale ilipostahili kukaa. Nilikaribia kuamini. Nilishaanza kupanga nitakavyomwomba msamaha.

Nilipofika kwenye neno "nitakuzika" niliinua macho, nikamkuta analia. Halii kama mtu aliyezoea. Hakujua aiweke wapi mikono. Muuguzi akampigia kelele, "Mzee, vipi tena?" na hakusikia, akaendelea.

Baba, nakujua. Wewe hulii. Kila kitu kingine kimepatiwa, koti, sauti, hata namna ya kushika kikombe kwa vidole vitatu. Hapo tu pamekosewa. Basi nimejua niko wapi, na moyo umetulia kidogo, maana mashaka yalikuwa yakinichosha kuliko ugonjwa.

Hata hivyo nilimwonea huruma. Si kosa lake kwamba si wewe. Nilichukua kikombe nikanywa chote, ili anyamaze. Akanyamaza. Nimemwahidi kwamba nitakunywa na kesho.

Nikiamka nitakuja nyumbani. Kwa sasa barua hii nampa yeye akuletee. Akifika mpokee vizuri, umpe kiti. Amesimama muda mrefu, na ni mtu mpole.

Mwanao,
Chiriku